Karamu Isiyoililia Nyama

Ziko siku katika mwaka ambazo mtu asiyekula nyama hujiona mgeni hata katika nyumba ya nduguye, nazo ni siku za arusi na siku za sikukuu kubwa. Siku nyingine zote husitirika, kwa kuwa kunde, mchicha na ugali ni chakula cha kila mtu, wala hapana amwulizaye kwa nini ameuruka mchuzi; lakini sikukuu ikiingia, mbuzi akachinjwa na sufuria ya pilau ikafunuliwa, mtu huyo hutazamwa kwa huruma iliyochanganyika na lawama, kana kwamba kuikataa nyama ni kumkataa mwenyeji mwenyewe. Katika nchi za baridi, ambako ndugu zetu wengi siku hizi wamefanya makao, hali ni hiyo hiyo: bata mzinga au bata bukini huwekwa katikati ya meza ya Krismasi, na kila kilichomzunguka, hata kikiwa kitamu namna gani, huhesabiwa kuwa mtumishi wake.

Dawa ambayo watu wa huko wameibuni kwa maradhi haya ni kuiga. Uingereza, ambako chama cha watu wasiokula nyama kiliundwa katika mji wa Ramsgate mwaka 1847, na ambako mwaka 1944 Donald Watson na wenzake wachache waliunda chama kingine cha wale wasiogusa hata maziwa na mayai, ina mkate wake wa sikukuu unaofanywa kwa njugu zilizosagwa, makombo ya mkate na vitunguu, ukaokwa katika bati na kukatwa vipande vipande mezani kwa kisu kile kile ambacho kingemkata bata. Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, Daktari John Harvey Kellogg, ambaye jina lake linajulikana pia kwa Wasabato wa kwetu, alikuwa akiwalisha wagonjwa wake wa Battle Creek vyakula vya njugu na utomvu wa ngano vilivyokusudiwa kushika nafasi ya nyama. Na mwaka 1995 likaingia sokoni lile donge la jibini la soya liitwalo Tofurky, limejazwa mkate na viungo tumboni kama ajazwavyo bata mzinga, ili familia isikose kitu cha kukata.

Sina kusudi la kuwadhihaki walaji wa vitu hivi, maana dhamiri ya mtu ni amana yake, na mwenye kumwonea huruma mnyama hastahili kuchekwa kwa sababu ya sura ya chakula chake. Walakini kasoro ya kuiga ni dhahiri. Chakula kilichoketishwa mahali pa nyama hupimwa kwa nyama, na kila akionjaye hukipima kwa kile kisichokuwapo, hata mpishi aliyeshinda jikoni tangu alfajiri asipate sifa iliyo kubwa kuliko kuambiwa kwamba amekaribia. Sijui mpishi wa pilau ambaye angefurahi kuambiwa kwamba pilau yake imekaribia kuwa biriani.

Rai yangu ni kwamba karamu isiyo nyama haipatikani kwa kuanza na karamu ya nyama kisha kuiondoa nyama. Hupatikana kwa watu ambao sheria ya sikukuu yao yenyewe iliiondoa nyama zamani, kabla ya babu wa babu zao kuzaliwa, hata akili za wapishi wa vizazi vingi zikaelekezwa zote katika kile kilichobaki, na hakuna tena aliyekaa kukumbuka kilichoondoka. Na katika karamu za namna hiyo siijui iliyo kamili kuliko Wigilia, chakula cha jioni ya tarehe 24 Desemba katika nchi ya Polandi, pamoja na ndugu zake wawili wa Lituanya na Ukraini.

Desturi ni kwamba nyumba nzima hushinda na njaa, au na kidogo tu cha kuzugia tumbo, mpaka nyota ya kwanza ionekane. Na kwa kuwa jua la Warszawa siku hiyo hutua muda mfupi kabla ya saa kumi, watoto hawana subira ndefu ya kufanya, bali hubanana dirishani wakibishana kama kilichoonekana ni nyota au taa ya jirani. Chini ya kitambaa cheupe cha meza hutandazwa nyasi kavu kidogo kwa ukumbusho wa hori. Sahani moja huzidishwa kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Na kabla ya kijiko kuinuliwa kila mtu hushika kipande cha mkate mwembamba usiotiwa hamira, uitwao opłatek, akamvunjia mwenziwe na kumtakia heri, na waliokosana husameheana papo hapo. Ndipo sahani huja moja baada ya moja, 12 kwa hesabu ya mitume, ingawa zamani wengi walipenda hesabu ya witiri, na katika hizo zote hamna kipande cha nyama wala tone la shahamu.

Msomaji wa pwani hataiona ajabu sana habari hii, maana hesabu yake ya siku ni ile ile ya kwetu. Sisi usiku wa kuamkia Ijumaa huuita usiku wa Ijumaa, kwa kuwa siku huanza kwa machweo. Na Kanisa la kale nalo, katika sikukuu zake kubwa, lilianza siku jioni. Basi jioni ya tarehe 24 ikawa na mabwana wawili: kwa upande mmoja ni mwisho wa saumu ya majuma ya kuingojea Krismasi, na kwa upande wa pili ni mlango wa Krismasi yenyewe. Furaha ilifika kabla saumu haijaondoka, na mpishi alitakiwa aziridhishe zote mbili kwa sufuria moja. Kwetu saumu ni ya wakati: kutwa hatuli, na jua likizama kila kilicho halali hurudi kuwa halali, hata nyama ya ng'ombe ikawa na nafasi yake katika futari. Saumu yao ilikuwa ya aina: walikula, lakini nyama iliwekwa kando, na kwa wakali zaidi mayai, maziwa na siagi viliwekwa kando pamoja nayo. Atakayelinganisha saumu hizi mbili atakiri kwamba ile ya aina humfundisha mtu upishi zaidi, kama ile ya wakati imfundishavyo subira zaidi.

Na mafunzo yenyewe yalikuwa marefu, kwa kuwa Mpolandi wa zamani hakufunga kwa ajili ya Krismasi peke yake, bali alifunga Kwaresima, akafunga Ijumaa, na katika nyumba nyingi Jumatano na Jumamosi vilevile. Kitabu cha kwanza cha mapishi kilichopigwa chapa kwa Kipolandi, Compendium ferculorum cha Stanisław Czerniecki, mpishi mkuu wa nyumba tukufu ya Lubomirski, kilitoka Kraków mwaka 1682 kikiwa na sura tatu, nayo nyama ilipewa moja tu. Ya pili ni ya samaki, na ya tatu ni ya vyakula vya maziwa, maandazi na mfano wa hayo. Matajiri, kama ilivyo ada yao katika kila dini, walitafuta hila. Yupo mnyama wa mitoni aitwaye biva, ambaye mkia wake ni mpana na una magamba, na wanazuoni wa nchi kadhaa za Ulaya waliridhia kwamba mkia huo uhesabiwe kuwa samaki, ukaliwa siku za saumu kwa dhamiri nyeupe. Kwa hiyo kuikwepa sheria kwa kiigizo si uzushi wa viwanda vya leo.

Lakini walioiumba Wigilia inayopendwa hadi sasa si wala mikia ya biva. Ni wakulima, na tena wakulima katika mwezi ambao ardhi yao imeganda, hakuna jani bichi nje ya nyumba, na kila kitakacholiwa sharti kitoke katika kilichowekwa akiba tangu kiangazi na vuli: kilichokaushwa, kilichotiwa chumvi, kilichochachishwa, kilichofukiwa mchangani chini ya sakafu. Hapa ndipo shani ya upishi huu ilipo, na hapa nataka kukaa kidogo.

Chukua supu ya bitiruti, barszcz, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo inayofungua karamu. Mtu akichemsha bitiruti katika maji na kuyachuja atapata maji mekundu yenye utamu wa udongo, kitu cha kumpa mgonjwa. Mpolandi huanza juma zima kabla. Humenya bitiruti, akazikata vipande na kuzipanga katika mtungi au chupa pana pamoja na punje za kitunguu saumu na pilipili manga, akamimina maji ya chumvi, kiasi cha kijiko kikubwa kwa lita moja, mpaka zizame kabisa, kisha huziacha katika joto la nyumba siku tano hadi saba, mapovu yakipanda na harufu ikigeuka kutoka ya shamba kuwa ya siki changa. Maji hayo ndiyo roho ya supu. Hutiwa mwishoni, mboga zikiwa zimekwisha kutoa ladha yake, na baada ya hapo sufuria hupashwa tu na haichemshwi tena, kwa sababu mchemko huinyang'anya supu wekundu wake ikawa ya hudhurungi. Ndani yake huelea vijidonge vya unga vilivyokunjwa mfano wa masikio madogo, na ndani ya vijidonge hivyo mna uyoga.

Uyoga huo nao una historia yake. Katika misitu ya Polandi kuokota uyoga wakati wa vuli ni kazi ya watu wote, mzee na mtoto, profesa na mkata kuni, na ulio bora kuliko wote, ambao wao huuita borowik, hukatwa vipande vyembamba, ukatungwa katika uzi na kuanikwa karibu na jiko mpaka ukauke ngangari. Uyoga mbichi ni chakula cha kawaida. Uyoga uliokaushwa ni kitu kingine. Hulowekwa usiku kucha, ukachemshwa katika maji yale yale, na maji hayo meusi hayamwagwi, kwa kuwa ndiyo yanayoipa supu kina kile ambacho mtu mwingine angekitafuta katika mfupa wa ng'ombe. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, mwanazuoni wa kemia wa Tokyo, aliitenga katika mwani dutu inayoupa ulimi ladha hiyo ya unono, na baadaye Wajapani wenzake walionyesha kwamba ndani ya uyoga mkavu imo dutu nyingine inayoikuza ya kwanza maradufu. Wakulima wa Mazowsze na Podlasie hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na bibi zao, na matokeo yalikuwa yale yale.

Ikiisha supu huja kabichi iliyochachishwa kwa chumvi, imepikwa polepole pamoja na njegere kavu. Huja pierogi, vifuko vya unga wa ngano na maji ya moto vilivyojazwa kabichi na uyoga, vikachemshwa, na vilivyobaki vikakaangwa siku ya pili yake. Huja majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nafaka nyeusi ya pembe tatu iitwayo gryka. Uchachu na uyoga hurudi tena na tena, kila mara kwa sura nyingine, na mlaji hachoki, kwa kuwa uchachu ndio unaoamsha ulimi uliolemewa na wanga. Mapishi mengi ya siku hizi ya watu wasiokula nyama hukosea hapa hapa: huongeza viungo juu ya viungo, chumvi juu ya chumvi, huku chakula kikilala pale pale kwa sababu hakuna kilicho kichachu ndani yake. Mpishi wa pwani, aliyezoea ndimu, ukwaju na maembe mabichi, hahitaji kufundishwa jambo hili; ananihitaji tu nimkumbushe asilisahau kwa kuwa amefika Ulaya.

Kisha huja utamu, na utamu wa Wigilia ni mbegu za mpopi, zile ndogo kama vumbi ambazo maduka ya Kihindi huziita khaskhas. Humwagiwa maji ya moto, zikalowana, zikasagwa mara mbili au tatu mpaka zitoe weupe, kisha huchanganywa na asali, zabibu na jozi na kuviringishwa ndani ya mkate mtamu. Mmea wake ni ule ule utoao afyuni, ndiyo maana kuupanda nchini Polandi kunataka kibali cha serikali, na ndiyo maana ndugu zangu wa Dubai nawaasa wasithubutu kuingia uwanja wa ndege na mfuko wa mbegu hizo, kwa kuwa sheria ya Falme za Kiarabu haitaki kusikia habari ya keki. Na katika jimbo la Śląsk iko supu ya kale ya Wigilia ifanywayo kwa mbegu za mmea wa jamii ya bangi. Hivyo meza ya wacha Mungu imekaribisha mpopi na bangi katika usiku mmoja, wala haikusikika kwamba aliyeinuka mezani aliyumba, isipokuwa kwa shibe.

Walituanya ni wakali kuliko Wapolandi. Karamu yao ya usiku huo, Kūčios, nayo ina vyakula 12, na kaida yake ya kale haitaki nyama, mayai wala maziwa, ijapokuwa samaki wanaruhusiwa. Hata hivyo huko huliwa vitumbua vigumu vidogo kama gololi vinavyoelea ndani ya kitu cheupe, kitamu, ambacho mgeni huapa kwamba ni maziwa. Si maziwa. Ni mbegu za mpopi zilizolowekwa, zikapondwa, zikakamuliwa kwa maji na kuchujwa, yaani ni tui, limekamuliwa kama tukamuavyo la nazi, ila mti wake ni mwingine. Maduka ya London na Berlin leo yana safu ndefu za maziwa ya soya, ya lozi na ya shayiri, yanayotangazwa kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi, ilhali mwanamke wa kijiji cha Lituanya na mwanamke wa Pate wote wawili walikuwa wakikamua maziwa yasiyo na ng'ombe kwa mikono yao, na hakuna aliyedhani kwamba anaiga kitu.

Ukraini nayo ina kutia, ambayo huonjwa kabla ya kingine chochote: ngano nzima iliyolowekwa na kuchemshwa kwa saa kadhaa mpaka punje zipasuke, ikachanganywa na mbegu za mpopi, asali na jozi. Mla bokoboko wa Unguja angeitambua ngano hiyo kwa mkono wake kabla ya kuitambua kwa ulimi. Mwaka 2023 Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraini na serikali ya nchi hiyo, katikati ya vita, viliihamisha Krismasi kutoka tarehe 7 Januari kwenda tarehe 25 Desemba, na kwa hiyo karamu takatifu ya mkesha nayo ikarudi nyuma kutoka tarehe 6 Januari hadi tarehe 24 Desemba. Kalenda ilibadilika; yaliyomo sufuriani hayakubadilika.

Na hili ndilo linalonithibitishia rai yangu kuliko yote. Mwaka 2003 maaskofu wa Polandi waliuondoa ulazima wa kujizuia na nyama siku ya Wigilia, wakiusia tu kwamba desturi ihifadhiwe kwa heshima yake. Lililokuwa fardhi likawa sunna. Angetazamia mtu kwamba Desemba iliyofuata nyama ingeingia mbio, hasa kwa kuwa Wapolandi ni walaji wakubwa wa nguruwe na soseji, na kesho yake, siku ya Krismasi yenyewe, hula nyama bila kuona haya. Haikuwa hivyo. Hata katika nyumba zisizokwenda kanisani mezani hakupatikani soseji usiku ule, wala si kwa hofu ya dhambi, bali kwa sababu soseji pale ingekuwa utovu wa adabu. Sheria iliondoka, ladha ikabaki ikishika zamu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nimesafiri mbali bure, maana Wahabeshi wako jirani, na upishi wao wa saumu haushindwi na wa mtu yeyote. Ni kweli. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga tangu tarehe 24 Novemba hadi Krismasi yao, Genna, ambayo kwa kawaida huangukia tarehe 7 Januari, na katika siku hizo zote hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Mchuzi wa adesi, shiro ya dengu zilizosagwa na mboga za majani zilizopikwa kwa mafuta juu ya injera ni vyakula ambavyo ningevila mwaka mzima bila manung'uniko. Lakini itazame siku ya Genna yenyewe: asubuhi ile saumu hufunguliwa, na kinacholetwa kwa shangwe ni kuku wa doro wot. Kwao utamu wa mboga ni wa njiani, na nyama ndiyo mwisho wa safari. Wigilia peke yake ndiyo saumu iliyoimeza sikukuu, hata jioni ya kujizuia ikapendwa kuliko siku ya kujiachia, na huo ndio ushindi ambao asiyekula nyama anautafuta kila Desemba na haupati kwa donge la soya.

Najua pia atakayeniuliza habari ya samaki, na swali lake ni la haki. Karp wa mabwawani na heringi wa chumvi wako mezani, kwa kuwa Kanisa halikuwahesabu kuwa nyama, na asiyekula kiumbe chochote hawezi kuiga hesabu hiyo. Lakini karp, ambaye siku hizi hutajwa kana kwamba alikuwapo tangu siku ya kwanza, alienea katika nyumba zote hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipomfuga kwa wingi kwa kuwa samaki wa baharini walikuwa adimu. Naye akiondolewa, karamu haitikisiki. Siagi na krimu zilizoingia baadaye huondoka kwa wepesi zaidi, maana vijiji vingi vya zamani vilikaangia mafuta ya kitani. Asali huondoka ikaja sukari. Hapa mtu hahitaji kubuni kitu kipya, anarudi tu nyuma hatua chache, na kila hatua anamkuta mpishi aliyemtangulia. Jaribu kufanya vivyo hivyo na bata mzinga.

Wala jambo hili halikutupitia mbali kama mtu awezavyo kudhani. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, ambao Warusi walikuwa wamewahamishia Siberia na Asia ya Kati, na ambao walitoka huko kwa njia ya Uajemi, walifikishwa katika nchi zetu na kugawiwa kambi: Masindi na Koja katika Uganda, Ifunda, Kidugala na Kondoa katika Tanganyika, na iliyo kubwa kuliko zote, Tengeru, chini ya mlima Meru, iliyokuwa na takribani watu 5,000. Makaburi yao yako Tengeru hadi leo, na kanisa walilolijenga Nyabyeya, karibu na Masindi, bado limesimama. Watu hao walikuja na kalenda yao, na Desemba ikawakuta katika nchi ya migomba, mahindi na maharage, jua likitua karibu na saa kumi na mbili na nusu, bila theluji, bila bibi wa kutunga uyoga katika uzi.

Hapo ndipo sheria ya ndani ya Wigilia inapofaa kuliko orodha yake. Wapolandi wenyewe husema kwamba mezani sharti viwakilishwe vyote vilivyotoa riziki ya mwaka: shamba, bustani, miti ya matunda, msitu na maji. Sheria hiyo haikutaja bitiruti wala mpopi, kwa hiyo inaweza kuchukuliwa Moshi au Lamu bila kuvunjika. Kuagiza uyoga wa Podlasie ili upikwe Mwanza ni kuiga kwingine tu, kwa gharama kubwa zaidi. Uyoga mamama uanikwe juani mpaka ukauke, ulowekwe, na maji yake yatiwe katika wali wa nazi; kisamvu kipikwe kwa karanga, na mbaazi za nazi zikae karibu na mahamri; ngano ya bokoboko ichemshwe bila nyama, iungwe kwa tui zito, zabibu na iliki; na kwa ajili ya maji, anayekula samaki ajue la kufanya, na asiyekula aweke mwani, ambao wanawake wa Paje na Jambiani huulima na sisi tunauuza ng'ambo karibu wote bila kuuonja. Ninalolikataza ni jambo moja tu: vyakula hivi visipangwe kuizunguka nafasi tupu katikati ya meza.

Kwa wale walio Leicester au Berlin kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa tangu Polandi iingie katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004 maduka ya Wapolandi yameenea katika miji mingi ya huko, na uyoga mkavu, kabichi chachu na gryka vinapatikana hatua chache kutoka duka la Kihindi lenye nazi na ukwaju, hata mtu akiwa na wageni wa kila namna anaweza kuwaandalia barszcz na mbaazi katika jioni moja. Kitu cha kutengenezwa mapema ni maji ya bitiruti. Atakayeziloweka tarehe 17 atakuwa tayari tarehe 24. Katika joto la Mombasa hata tarehe 20 hajachelewa, mradi ayaonje kila asubuhi, na yakifika uchachu aupendao ayachuje na kuyatia ndani ya friji.